Rangi ndiyo ya kwanza kuondoka: kuchagua mbao ngumu za Australia za kuvika ukuta

Nilikojifunzia useremala, Mafinga, mkaratusi haukuwa mti wa kumwonyesha mgeni. Ulikuwa nguzo ya umeme, mti wa jukwaa la wajenzi, kuni za viwanda vya chai kule Mufindi. Ukiupasua mbao ukaziacha juani siku mbili tatu, unazikuta zimejinyonga na ncha zimechanika. Mbao ya heshima ilikuwa mninga au mkongo. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza wa kazi Brisbane, nilipoambiwa nishushe mzigo wa mbao za ukuta kwenye lori na nizishike kwa adabu kwa kuwa bei yake si ya mchezo, nilitegemea mti nisioujua. Zilikuwa nzito kama zimelowa, ilhali ni kavu. Ukipitisha kiganja unasikia utelezi kidogo, kama mtu amezipaka nta. Nikauliza ni mti gani. Mwenzangu akanionyesha picha kwenye simu: shina lenye madoa, majani membamba yanayoning'inia. Nikacheka peke yangu. Mkaratusi.

Tangu hapo nimevika kuta nyingi, na swali ninalopata kutoka kwa jamaa, walioko huku wanaojenga na walioko nyumbani wanaoona picha, halibadiliki: ile mbao yenye rangi ya asali inaitwaje? Swali halina kosa, ila ndilo linalowapoteza watu. Rangi ya asali ndiyo kitu cha kwanza kuondoka ukutani. Uzito wa ubao hauondoki, wala ukaidi wake mbele ya moto, wala tabia yake ya kutanuka na kusinyaa. Aliyechagua kwa rangi peke yake amechagua kwa kigezo ambacho jua litakifuta, na vingine vyote amebahatisha.

Nianze na majina, maana yenyewe ni vurugu. Mikaratusi ya Australia ina spishi zaidi ya 700, na walowezi wa Kiingereza walipoikuta waliipa majina ya miti ya kwao kwa kufananisha tu. Tasmanian oak si mwaloni. Ni jina la sokoni la spishi tatu za mkaratusi zinazouzwa pamoja. Victorian ash nayo si mti wa Ulaya wenye jina hilo. Ni mkaratusi pia. Spotted gum ni spishi kadhaa za jenasi Corymbia, ambayo wataalamu waliitenga na mikaratusi mingine mwaka 1995, ingawa dukani hakuna anayejali. Blackbutt, jina linalowachekesha wageni, limetokana na magome ya chini ya shina yanayobaki meusi kwa moto wa msituni. Majina haya nitayaacha yalivyo, kwa kuwa ndiyo utakayoyakuta kwenye orodha ya bei. Ila fahamu kwamba jina la sokoni linaweza kuficha miti miwili yenye tabia tofauti, na jina la kisayansi likiandikwa kwenye risiti halimdhuru mnunuzi.

Sasa hiyo rangi. Ndani ya mbao kuna kitu kinaitwa lignini, gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi. Mionzi ya jua huivunja gundi hiyo pale juu juu, mvua inaisuuza, na nyuzi zinazobaki zinakuwa na rangi ya fedha au majivu. Haijalishi ulinunua jarrah nyekundu kama damu ya mzee, blackbutt ya asali au spotted gum ya kahawia iliyochanganyika na chokoleti. Zote zinaishia kwenye ukoo mmoja wa kijivu. Haziozi kwa sababu hiyo. Mabadiliko ni ya unene mdogo sana, na ukipiga randa unaikuta rangi ya zamani inakungoja chini.

Shida ni kwamba kijivu hakiji sawasawa. Australia iko kusini, kwa hiyo jua lake linaegemea kaskazini. Ukuta wa kaskazini na wa magharibi unapauka mapema, wa kusini unachelewa, na sehemu iliyo chini ya upenu wa paa inaweza kubaki ya kahawia miaka mingi wakati nusu ya chini imeshazeeka. Mwenye nyumba asiyeandaliwa kisaikolojia anadhani ameuziwa mbao mbovu. Wachoraji wa majengo wenye uzoefu hulizungumza hili mapema: ama upenu mrefu unaofunika ukuta wote, ama hakuna upenu kabisa ukuta uzeeke kwa pamoja. Upenu mfupi ndio unaoleta nyumba yenye nyuso mbili.

Tukiiweka rangi kando, jambo linalofuata ni uimara wa asili, na hapa kuna jedwali ambalo kila muuzaji atakunyooshea kidole. Kiwango cha Australia, AS 5604, kinagawa miti katika madaraja manne. Daraja la 1 kwa mbao iliyo juu ya ardhi linamaanisha matarajio ya zaidi ya miaka 40. La 2 ni miaka 15 hadi 40. La 3 ni 7 hadi 15. La 4 ni chini ya 7. Mbao inayochimbiwa ardhini ina hesabu yake nyingine, kali zaidi: daraja la 1 huko ni zaidi ya miaka 25. Kwa hiyo mti mmoja una madaraja mawili. Spotted gum na blackbutt ni za daraja la 1 juu ya ardhi lakini la 2 ardhini. Ironbark na tallowwood ni la 1 pote. Jarrah ni 2 na 2. Silvertop ash ni la 2 juu ya ardhi na la 3 ardhini. Victorian ash na Tasmanian oak, ambazo kwa sakafu na samani ni nzuri ajabu, ziko daraja la 3 juu ya ardhi, na ukiziweka kwenye ukuta unaopigwa mvua bila dawa wala rangi umejitafutia kazi.

Wengi wakifika hapo hufunga jedwali na kununua. Lakini jedwali linazungumzia kiini cha mti peke yake, ile sehemu ya ndani iliyokomaa. Sehemu nyeupe ya nje, inayopitisha maji mti ukiwa hai, ni daraja la 4 kwa mti wowote ule, hata ironbark. Katika spotted gum sehemu hiyo ni pana, na imejaa wanga. Kuna mdudu mdogo wa kahawia, jina lake la kitaalamu Lyctus, ambaye chakula chake ni wanga huo. Anatoboa vitundu kama vya sindano na kuacha unga laini chini ya ukuta, laini kama wa ngano. Hagusi kiini. Hagusi blackbutt, kwa kuwa sehemu nyeupe ya mti huo haimpendezi. Ila ubao wa spotted gum wenye ukingo mweupe usiotiwa dawa atauacha kama chujio. Ndiyo maana mbao za nje hutiwa dawa kwa kiwango kinachoitwa H3, cha mbao zilizo nje lakini hazigusi ardhi. Dawa hiyo inaingia kwenye sehemu nyeupe tu; kiini cha mbao hizi kimeshikana mno kiasi kwamba dawa haipenyi, na wala hakiihitaji. Ukiona ubao una ukingo wa rangi tofauti kidogo, wenye ukijani, usiukatae. Hiyo ndiyo dawa imekaa mahali pake.

Jambo lingine ambalo jedwali haliwezi kukuambia ni kwamba miaka 40 ni ya mbao inayopata nafasi ya kukauka. Mbao haiozi kwa kulowa; inaoza kwa kubaki imelowa. Nitarudi hapo.

Moto ni sura ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuiruka, ila kwa Australia ndiyo inayoamua kabla ya mengine yote. Tarehe 7 Februari 2009, Jumamosi ambayo hadi leo wanaiita Nyeusi, moto wa msituni uliua watu 173 katika jimbo la Victoria. Mwaka huohuo kiwango cha ujenzi katika maeneo ya moto, AS 3959, kilitolewa upya. Kinachofanya ni hiki: kabla ya kujenga, kiwanja kinapimwa kulingana na umbali wa msitu, aina ya uoto na mteremko wa ardhi, halafu kinapewa namba. Namba hizo ni 12.5, 19, 29 na 40, na zinamaanisha kilowati za joto kwa kila mita ya mraba zinazoweza kuufikia ukuta. Juu ya 40 kuna daraja la mwisho, la nyumba inayoweza kuguswa na ndimi zenyewe za moto.

Katika 12.5 na 19, sharti la mbao ya ukuta linabana zaidi sehemu ya chini, sentimita 40 za kwanza kutoka ardhini, kwa sababu ndipo majani makavu na makaa yanayorushwa na upepo yanaporundikana. Hapo mbao iwe na uzito wa angalau kilo 750 kwa mita ya ujazo. Ukifika 29, ukuta mzima unahusika, na orodha inabaki na miti saba tu inayokubaliwa kwa asili yake bila kutiwa dawa ya moto: blackbutt, spotted gum, ironbark nyekundu, river red gum, silvertop ash, turpentine, na merbau ambayo sokoni hutoka Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya Pasifiki. Jarrah, pamoja na sifa zake zote, haimo. Ironbark ya kijivu, nzito kuliko nyekundu, haimo pia. Jina moja la ukoo halitoshi. Katika 40 mbao peke yake haikubaliki tena, labda iwe sehemu ya ukuta mzima uliopimwa maabara.

Watu hushangaa mbao inawezaje kuhimili moto. Haihimili kwa maana ya kutoungua. Mbao nzito inachelewa kushika, na ikishashika inajitengenezea tabaka la mkaa juu linaloikinga ndani, na joto inalotoa ni dogo. Mtu aliyewahi kukoka moto kwa gogo zima la mkaratusi mkubwa bila vijiti anajua ninachosema. Hatari kubwa zaidi ya nyumba za huku kwenye moto wa msituni ni cheche, zinazosafiri mbele ya moto na kutafuta tundu. Kwa hiyo kiwango hicho kinataka upenyo wowote unaozidi milimita 3 uzibwe kwa wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 2. Nimeona watu wanalipia spotted gum ya gharama, kisha wanaacha mwanya wa kuingiza kidole kule chini ya ukuta.

Kuna sharti lingine la moto, la mijini. Mwaka 2014 moto ulipanda ghorofa la Lacrosse mjini Melbourne kupitia paneli za alumini zenye plastiki ndani, chanzo kikiwa kipande cha sigara kwenye baraza. Tangu hapo macho yamekuwa makali kwenye kuta za maghorofa, na sheria inataka kuta za nje za majengo marefu ziwe za vitu visivyoungua. Mbao ngumu za ukuta, kwa hiyo, ni mali ya nyumba za kawaida na majengo mafupi. Anayekuahidi ghorofa kumi za mbao nje mwombe akuonyeshe karatasi za vipimo.

Nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloharibu kuta nyingi kuliko kuoza, mchwa na moto vikijumlishwa: mbao kutembea. Mbao iliyokaushwa kwenye tanuri haijafa. Hewa ikiwa na unyevu inavuta maji na kutanuka. Hewa ikikauka inayaachia na kusinyaa. Spotted gum inatanuka karibu asilimia 0.38 ya upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka ndani yake, na blackbutt iko hapohapo. Namba ndogo. Sasa chukua ubao wa milimita 130, umefika kiwanjani ukiwa na unyevu wa asilimia 12, halafu unakuja msimu wa mvua wa Queensland, jimbo la Brisbane, na unapanda hadi 16. Ubao huo umeongezeka karibu milimita 2. Ukuta wa mbao 20 kwenda juu, sawa na mita 2.6, umepata sentimita 4 za ziada zinazotafuta pa kwenda. Kama fundi alizibananisha, zinasukumana mpaka zinavimba mbele kama tumbo, au zinang'oa misumari.

Na kinyume chake ni kweli. Nyumba ya bara, kule ambako hewa ni kavu kama ya Dodoma mwezi wa Oktoba, ukifunga mbao zilizokaa kwenye ghala la pwani zitasinyaa na kufungua mianya, na kwa zile zinazoungana kwa ulimi na mfereji, ulimi utoke ndani ya mfereji wake. Dawa yake haina ujuzi wa ajabu: mbao zifike kiwanjani mapema, zipangwe kivulini juu ya papi (vipande vyembamba vya mbao) zenye nafasi kati yake, zifunikwe mvua, zikae mpaka zizoee hewa ya pale. Mteja anaona siku hizo ni za uvivu wa fundi. Acha aone.

Ubao mpana unatembea zaidi kuliko mwembamba, na huo ndio ukweli mchungu kwa wanaopenda mbao pana. Ubao uliopasuliwa ukifuata miale ya mti kutoka moyoni kwenda nje hutembea kidogo kuliko uliopasuliwa sambamba na duara za ukuaji, ila ni adimu na bei yake ni nyingine. Rangi nyeusi ya mafuta inayopendwa siku hizi inavuta joto, hivyo ubao wa upande wa magharibi uliopakwa nyeusi unapikwa kila alasiri. Ukitaka nyumba nyeusi, chagua mbao nyembamba.

Kupigilia nako kuna kanuni. Mbao zinazolaliana, msumari wa ubao wa juu upite juu kidogo ya kichwa cha ubao wa chini, usiushike. Ukizifunga mbili kwa msumari mmoja, kila moja inataka kutembea kivyake, na moja itapasuka. Na usithubutu kupiga msumari karibu na ncha bila kutoboa kwanza kwa keekee. Siku yangu ya pili nilijaribu, kwa kiburi cha mtu aliyepigilia mbao za msonobari maisha yake yote. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili uliingia na kuufungua ubao ncha hadi sentimita 20, taratibu, nikiuangalia.

Msumari wenyewe uwe wa nini? Mikaratusi imejaa tanini, kitu kilekile kilichomo kwenye chai ya rangi, na kwenye magome ya mkoko ambayo pwani yetu yalitumika kusindika ngozi. Tanini ikikutana na chuma na maji inatoa wino, na simaanishi mfano: wino wa kuandikia wa karne nyingi Ulaya ulitengenezwa kwa tanini na chumvi za chuma. Kwa hiyo msumari wa kawaida ukutani hulia machozi meusi. Tumia chuma kisichoshika kutu, na karibu na bahari kiwe cha daraja la 316 lenye kustahimili chumvi. Kuna nyumba moja tulimaliza ukuta wa blackbutt Ijumaa mchana, safi, mpaka tukapiga picha. Fundi wa vyuma akaja jioni kukata bomba la ngazi kwa grainda, mita tatu hivi kutoka ukutani. Jumatatu, baada ya umande wa siku mbili, ukuta ulikuwa na vidoa vyeusi kama mtu ameurushia pilipili manga kwa kiganja. Kila punje ya chuma iliyoruka ilikuwa imeandika nukta yake. Tuliviosha kwa asidi ya oksaliki, glavu mkononi, siku nzima. Vilitoka. Fundi wa vyuma hatukumwona wiki hiyo.

Tanini hiyohiyo inatiririka na mvua za kwanza. Maji yanayoshuka ukutani yana rangi ya chai, na yakidondoka kwenye zege jipya au mawe meupe yanaacha ramani. Mbao zenye sifa hiyo zaidi ni merbau na ironbark. Spotted gum ina kidogo kwa kulinganisha. Wanaojua huziosha mbao kabla ya kufunga, au wanachelewesha zege la mbele hadi mvua kadhaa zipite, au wanazifunga kwa mafuta pande zote nne pamoja na ncha. Ncha hasa. Nyuzi za mbao ni kama mirija, na ncha iliyokatwa ni midomo ya mirija hiyo yote ikiwa wazi. Fundi anayepaka uso na kusahau ncha amefunga madirisha akaacha mlango.

Nyuma ya mbao ndiko maisha ya ukuta yanakoamuliwa. Mbao haikusudiwi kuzuia maji yote, inakusudiwa kuyapunguza. Yatakayopita yanakutana na karatasi maalumu inayozuia maji kuingia lakini inaruhusu mvuke wa ndani kutoka. Kati ya karatasi na mbao kunapigwa papi za unene wa sentimita mbili hivi, ili hewa ipande kutoka chini mpaka juu na kukausha mgongo wa ubao. Ukuta usio na nafasi hiyo unakaushwa upande mmoja tu, na ubao unaokauka mbele huku mgongo umelowa unajikunja kama bakuli. Kwa chini, mbao isiguse udongo: sentimita 15 katika hali ya kawaida, 5 ikiwa chini kuna sakafu ngumu yenye mteremko wa kutoa maji. Nafasi hiyo inazuia matone yanayoruka, na inampa mkaguzi mahali pa kuona njia ya mchwa wakijaribu kupanda.

Kupaka mafuta au kuacha? Mimi ni wa kuacha, na najua napingana na wateja wengi. Mafuta yanayotunza rangi yanataka kurudiwa mwaka hadi mwaka, upande wa jua kali hata mapema zaidi, na ukuta wa ghorofa ya pili unahitaji jukwaa kila mara. Mwenye nyumba anafanya mara ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa kulipa mtu, ya tatu hafanyi, na ukuta ulioachwa katikati ya mafuta ni mbaya kuliko usioguswa kabisa, kwa kuwa unapauka mabaka mabaka. Ukipenda kahawia kwa dhati, weka mbao mahali ambapo mkono unafika: ukuta wa barazani, mlangoni. Kuna pia wanaozichoma uso kwa makusudi, mtindo wa Kijapani, na silvertop ash ndiyo iliyozoeleka kwa kazi hiyo. Unapendeza, sina neno.

Kuhusu mahali mbao zinakotoka, mambo yamebadilika haraka na orodha za bei za zamani hazikusaidii. Tarehe 1 Januari 2024 jimbo la Victoria lilifunga uvunaji wa kibiashara wa misitu ya asili ya serikali, miaka sita kabla ya mpango wa awali. Australia Magharibi, nyumbani kwa jarrah, nayo ilisitisha uvunaji mkubwa tangu mwanzo wa mwaka huohuo. Inayobaki hutoka kwenye kupunguza miti na kwenye ardhi inayosafishwa kwa migodi. Hii ni jarrah ile iliyosafirishwa kwa meli karne ya 19 kwenda kutandaza mitaa ya London kwa vipande vya mbao. Septemba 2025 serikali ya New South Wales ikatangaza hifadhi kubwa ya koala na kusimamisha ukataji katika hekta 176,000 za misitu ya pwani ya kaskazini, ambako blackbutt nyingi imekuwa ikitoka. Wapo wanaosherehekea, na wapo wenye viwanda vya kupasua mbao wanaofunga milango. Nimefanya kazi na watu wa pande zote mbili. Kwa mnunuzi maana yake ni moja: uliza kama mzigo upo kabla hujamwambia mchoraji aandike jina la mti kwenye ramani. Na uliza cheti cha mbao kutoka misitu inayosimamiwa vizuri, FSC au kile cha mfumo wa PEFC ambao huku unaitwa Responsible Wood. Merbau, kwa kuwa inaagizwa nje, inaangukia kwenye sheria ya mwaka 2012 inayokataza mbao zilizovunwa kinyume cha sheria, na mwingizaji anapaswa kuwa na karatasi za asili yake.

Kuna mbao ambazo hazihitaji msitu mpya, nazo ndizo ninazozipenda kuliko zote: zilizobomolewa kwenye madaraja, maghala na gati za zamani. Turpentine ya nguzo za gati za Sydney, mti ambao hata wadudu wa baharini wanaotoboa majahazi wanauogopa, ikipasuliwa leo inatoa ubao mwekundu ulionyooka, uliokwisha kutembea safari zake zote. Unahitaji kifaa cha kutafuta misumari iliyofichika, na meno ya msumeno ya akiba.

Nikijenga mwenyewe mitaa ya Brisbane isiyo na msitu karibu, nitachukua spotted gum ya daraja la chini, ile yenye mishipa ya ulimbo na vitundu vya zamani ambayo wengi wanaikataa kwa sura. Kiini chake ni kilekile, bei inashuka, na baada ya miaka miwili ya kijivu hakuna atakayeona tofauti. Karibu na msitu, ileile au blackbutt. Jarrah ningeiweka kwa ajili ya meza.

Mdogo wangu Mafinga ana ekari mbili za mikaratusi aliyopanda miaka minane iliyopita, na baada ya kuona picha zangu ananiuliza kama anaweza kuvika nyumba yake kwa miti yake mwenyewe. Nimemwambia kwamba iliyo mingi huko ni grandis, mti unaokua mbio na kuwa mwepesi, na kwa umri ule karibu nusu ya kila gogo bado ni ile sehemu nyeupe, auze nguzo. Ila amenitumia picha ya miti michache ya ukingoni mwa shamba, mashina laini yenye rangi ya maziwa, na nimeikuza picha mara kadhaa. Inafanana na Corymbia citriodora, ambayo huku inapasuliwa na kuuzwa pamoja na spotted gum. Nimemwomba achume jani moja, alifikiche kiganjani, anuse kama lina limau. Hajanijibu.